Nani Anenaye Ukutani? Picha ya Nafsi na Bango la Saratani ya Matiti, 1977–2000

Bango la afya ya umma lina sarufi yake. Kitenzi chake kikuu kiko katika hali ya kuamuru, na anayeambiwa ni nafsi ya pili: nenda ukapimwe, chemsha maji, mpeleke mtoto akachanjwe. Anayeamuru hajitaji, huwakilishwa na nembo ya wizara au ya shirika pembeni mwa karatasi. Mgonjwa naye, ikiwa ametokea, hutokea katika nafsi ya tatu. Yeye ni mfano tu: amechorwa ili mtazamaji amhurumie au amwogope, si ili amsikilize. Picha ya nafsi, yaani ile ambayo msanii amejichora au amejipiga mwenyewe, ina sarufi iliyo kinyume. Ndani yake anayetazamwa ndiye aliyekuwa mtazamaji wa kwanza, na kauli yake, hata pasipo neno lolote, ni "huyu ni mimi".

Makala haya yanachunguza yaliyotukia sarufi hizo mbili zilipokutanishwa kwenye karatasi moja. Uwanja wake ni picha za saratani ya matiti zilizotengenezwa Marekani na Uingereza kati ya mwaka 1977 na 2000, kipindi ambacho baadhi ya wanawake waliougua walichukua kamera, au walisimama mbele yake kwa masharti yao wenyewe, na picha hizo zikaishia kuwa mabango, paneli za maonyesho au majalada ya magazeti. Inadaiwa hapa kwamba kilichoamua kama mgonjwa amebaki kuwa msemaji au amegeuzwa kuwa onyo hakikuwa ujasiri wa picha yenyewe. Kiliamuliwa na mambo ambayo mhakiki wa fasihi anayajua vyema: maneno gani yamewekwa kando ya picha, yamesemwa na nani, na picha imekatwa wapi.

Hapana budi kuanza na hali iliyotangulia. Chama cha Marekani cha kudhibiti saratani kiliundwa mwaka 1913, na mwaka 1945 kikachukua jina linalojulikana hadi leo, American Cancer Society. Wakati wa mdororo wa uchumi, wasanii walioajiriwa na mradi wa sanaa wa serikali ya Marekani, uliodumu kuanzia 1935 hadi 1943, walichapa mabango mengi ya afya kuhusu kifua kikuu, kaswende na saratani. Ni kazi safi kwa upande wa fani: rangi chache zilizo bapa, herufi nzito, umbo moja kubwa linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ujumbe wake kuhusu saratani ulikuwa mmoja, kwamba mwenye dalili asichelewe kumwona daktari. Ujumbe huo haukuwa wa uongo. Ila kwa mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi, kumwona daktari kulikuwa na maana ambayo bango halikuitaja. Upasuaji uliotawala tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, ulioenezwa na William Halsted wa Baltimore, uliondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Aidha, ilikuwa kawaida kwa mwanamke kulazwa kwa nusukaputi ili kipande cha uvimbe kichunguzwe, na endapo kilionekana kuwa na saratani, titi likakatwa papo hapo. Alilala bila kujua ataamka na nini. Huyu ndiye aliyeambiwa na bango kwamba aharakishe.

Mwezi wa Septemba 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alikatwa titi na habari hiyo ikatangazwa waziwazi. Wanawake wengi walimiminika kwenda kupimwa. Tukio hilo huhesabiwa kuwa hatua kubwa, na ni haki lihesabiwe hivyo; lakini kilichosambazwa kilikuwa uso wa Bi. Ford akitabasamu. Ugonjwa ulipata jina, kovu halikupata picha.

Kovu lilipata picha miaka michache baadaye. Mwandishi wa Kimarekani Deena Metzger aligunduliwa kuwa na saratani mwaka 1977 na akakatwa titi moja. Juu ya kovu alichanjwa mchoro wa tawi la mti. Kisha alisimama mbele ya kamera ya Hella Hammid, kifua wazi, mikono ameitandaza, uso ameuinua mbinguni. Picha hiyo ilichapwa kuwa bango, na chini yake yakawekwa maneno ya Metzger mwenyewe, shairi fupi katika nafsi ya kwanza. Bango halimwamuru mtazamaji jambo lolote. Halimwambii ajipime, wala halitaji dalili wala halina anwani ya kliniki. Ikiwa bango la afya hupimwa kwa amri yake, hili si bango la afya. Hata hivyo lilitundikwa katika vyumba vya ushauri na katika ofisi za vikundi vya wanawake, na yamkini lilifanya kazi ambayo bango la amri haliwezi: lilimwonyesha mwanamke aliyekuwa karibu kukatwa kwamba kuna maisha upande wa pili wa upasuaji, na kwamba maisha hayo yana mwili.

Msomaji makini atapinga kwamba picha iliyobonyezwa na Hammid haiwezi kuitwa picha ya nafsi ya Metzger. Pingamizi hili lina uzito, na linawahusu karibu wasanii wote wa aina hii, kwa kuwa mgonjwa aliyedhoofika, au aliyebanwa katika mashine ya eksirei, mara nyingi hana mkono wa tatu wa kushika kamera. Jibu linalopendekezwa hapa ni lile ambalo wataalamu wa tawasifu wamelitumia kwa muda mrefu. Tawasifu haiachi kuwa tawasifu kwa sababu imeandikwa na karani kwa kuamliwa. La msingi ni nani ameamua kisemwe nini. Katika bango hili Metzger ndiye aliyechagua mchoro wa ngozini, umbo la mwili na maneno. Hammid alikuwa jicho la kuazima, japo jicho lenye ustadi wa hali ya juu.

Suala hilo hilo linajitokeza kwa uwazi zaidi katika kazi za Jo Spence. Spence alizaliwa London mwaka 1934 katika familia ya wafanyakazi, na kwa miaka mingi aliishi kwa kupiga picha za harusi na za watu katika studio. Alijua, kwa hiyo, jinsi picha inavyompamba mtu ili afanane na vile jamii inavyomtaka. Katika miaka ya 1970 aliigeukia albamu ya familia yake na kuihoji: nani hajapigwa picha, na ni siku zipi ambazo hazimo? Albamu ina harusi na sikukuu. Haina ugonjwa, haina kazi, haina machozi. Mwaka 1982 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Ameeleza jinsi daktari kijana, akifuatwa na kundi la wanafunzi, alivyofika kando ya kitanda chake, akasoma faili, na bila kujitambulisha akainama na kuanza kuchora alama ya msalaba kwa wino juu ya titi lake la kushoto. Ndivyo alivyopata habari kwamba litakatwa. Alikataa, na akakubali tu kuondolewa uvimbe.

Msalaba ule wa wino ni maandishi. Ni amri iliyoandikwa juu ya mwili, na mwili wenyewe haukusomewa kilichoandikwa. Spence alijibu kwa maandishi. Kabla ya kwenda kufanyiwa upasuaji alisimama nyumbani mbele ya kamera, mwenzake Terry Dennett akabonyeza, na juu ya titi hilo yakaonekana maneno yaliyoandikwa kwa mkono, yanayotangaza kwamba ni mali ya Jo Spence. Tangazo hilo linaishia kwa alama ya kuuliza. Spence alieleza kwamba picha hiyo aliichukua kama kinga ya kumkumbusha, atakapokuwa hospitalini, kwamba ana haki juu ya mwili wake. Kwa Kiswahili neno lipo na halihitaji maelezo: ilikuwa hirizi. Tena ni hirizi iliyoandikwa, kama zilivyo hirizi nyingi za pwani, isipokuwa kwamba mwandishi na mvaaji ni mtu mmoja.

Alama ile ya kuuliza ndiyo inayoitenganisha picha hii na bango la kawaida. Bango halina desturi ya kuuliza swali lisilokuwa na jibu tayari. Ingekuwa rahisi kuandika tamko la umiliki na kuweka nukta, na picha ingefaa mara moja kuwa kaulimbiu ya harakati. Spence hakuweka nukta kwa sababu hakuwa na hakika. Mwenye mwili alikuwa anaelekea mahali ambapo umiliki wake ungeshindaniwa, na mambo hayo yanasomeka katika alama moja ya uakifishaji. Wahakiki wanaoisifu picha hii kama tangazo la ushindi wameisoma nusu.

Kati ya 1982 na 1986 Spence na wenzake walikusanya picha za aina hii katika maonyesho yaliyoitwa The Picture of Health?, ambayo nayo yana alama ya kuuliza katika jina lake. Mojawapo inamwonyesha akiwa amebanwa titi katika mashine ya eksirei. Alimsihi mhudumu wa mashine ampigie. Mhudumu hakufurahia, lakini akaona ni heri hivyo kuliko mgonjwa kunyoosha mkono na kamera akajipiga mwenyewe. Katika kisa hicho kidogo kuna historia nzima ya uhusiano wa hospitali na picha. Hospitali imezoea kumpiga mgonjwa picha, na eksirei yenyewe ni picha. Kinachoishangaza ni mgonjwa kutaka kuibakisha picha mikononi mwake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatahisi ugeni mkubwa hapa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumwusia bintiye. Utendi huo umejadiliwa sana kwa maudhui yake kuhusu mke na mume, na mjadala huo hauna haja ya kurudiwa hapa. Kinachohusika ni muundo wa usemaji. Mama anaanza kwa kuutaja ugonjwa wake na kumwita binti akae karibu naye, kwa karatasi na wino. Anaendelea kwa kumwagiza katika nafsi ya pili umoja. Na kuelekea mwisho anawaalika wanawake wote wausome. Nafsi ya kwanza iliyo mgonjwa, nafsi ya pili iliyo ya karibu, kisha umma. Wosia unapata uzito wake kwa kuwa anayeusia anajulikana ni nani na yuko katika hali gani. Bango la karne ya ishirini lilikata hatua mbili za mwanzo na kubakiza ya mwisho, kisha likashangaa kwa nini haliaminiki.

Hata hivyo ni lazima kusema jambo ambalo wapenzi wa Spence hawapendi kulisema. Baada ya uvimbe kuondolewa, alikataa matibabu mengine ya hospitali na akachagua tiba ya jadi ya Kichina. Uamuzi wa kutokatwa titi haukuwa wa kihuni: majaribio ya Milan yaliyoongozwa na Umberto Veronesi yalikuwa yametangazwa mwaka 1981, na yale ya Bernard Fisher huko Marekani yakatangazwa mwaka 1985, yote yakionyesha kwamba kwa uvimbe mdogo, kuuondoa na kuhifadhi titi hakukupunguza muda wa kuishi. Lakini katika majaribio ya Milan wote waliohifadhiwa titi walipewa mionzi, na yale ya Fisher yalionyesha kwamba bila mionzi saratani ilirudi mara nyingi zaidi katika titi lile lile. Tiba aliyoichagua baadaye haikuwa na ushahidi wa namna hiyo. Je, picha zake zinaweza kuwa bango? Bango likisema "fanya kama mimi", linaweza kuua. Kutatiza huku hakuondolewi kwa kusifu uhuru wa mgonjwa. Spence mwenyewe alionekana kulitambua tatizo, kwani paneli zake hazimwagizi mtu achague alichokichagua yeye. Zinamwonyesha mtu akichagua, na zinamwachia mtazamaji swali. Ushuhuda ni jambo moja na maagizo ni jambo jingine, na yeyote anayebuni bango kutokana na picha ya nafsi hana budi kuamua mapema anatengeneza lipi kati ya hayo. Spence alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya damu.

Picha iliyofika mbali kuliko zote ilitoka New York. Matuschka, msanii aliyewahi kuwa mwanamitindo, alikatwa titi mwaka 1991, na akaanza kutumia mwili wake katika picha na mabango ya harakati za wanawake za afya jijini humo. Tarehe 15 Agosti 1993 picha yake aliyojipiga mwenyewe, aliyoipa jina Beauty Out of Damage, ilitokea kwenye jalada la jarida la Jumapili la The New York Times, likiwa na makala ya Susan Ferraro juu ya siasa za saratani ya matiti. Amevaa gauni jeupe lililokatwa upande mmoja ili kovu lionekane. Kichwani amejifunga kitambaa cheupe. Uso ameugeuza pembeni. Barua zilimiminika, za pongezi na za hasira. Wapo walioona aibu imeingizwa sebuleni mwao Jumapili asubuhi, na wapo wanawake waliosema kwamba kwa mara ya kwanza wameona kitu kinachofanana nao.

Fani ya picha hii inastahili kuangaliwa polepole. Matuschka alizijua kanuni za picha ya mitindo na hakuziacha. Mwanga, gauni, mkao wa shingo, vyote ni vya gazeti la mavazi. Kasoro moja tu imeingizwa, na hiyo kasoro ndiyo habari. Mtazamaji huvutwa kwanza na uzuri aliozoea kuuzwa, na anapogundua anachokitazama tayari amekwisha kukitazama. Hapa picha ya nafsi ilikuwa imetengenezwa kama bango hata kabla ya mhariri kuigusa: umbo moja, rangi moja, jambo moja, na nafasi ya wazi inayosubiri maneno.

Maneno yalikuja, na hayakuwa ya Matuschka. Kichwa cha jalada kilimwambia msomaji kwamba sasa hawezi tena kugeuza uso. Ni kichwa chenye nguvu, na wengi wanaikumbuka picha kupitia kwake. Lakini kinaleta kinaya ambacho hakikujadiliwa vya kutosha. Anayegeuza uso ndani ya picha ni Matuschka mwenyewe. Msomaji anaamriwa asifanye kile ambacho msanii anakifanya mbele yake. Macho yake yaliyoelekea kando yanaweza kusomwa kama stara, au kama kiburi cha mtu asiyeomba kuangaliwa, au kama mkao wa kazi yake ya zamani. Sauti ya mhariri inazifunga njia hizo zote na kubakisha moja, amri kwa nafsi ya pili. Kwa maneno mengine, jalada lilifanikiwa kuwa bango kwa kukizungumzia kifua badala ya kumzungumzisha mwenye kifua. Haisemwi hapa kwamba mhariri alikosea. Bila kichwa kile pengine picha isingefika ilikofika. Inasemwa tu kwamba gharama ililipwa, na anayejua kusoma ataiona mahali ilipolipwa.

Katika miaka hiyo hiyo ishara nyingine ilikuwa ikisambaa, isiyo na mwili kabisa. Charlotte Haley, mwanamke wa Kimarekani, alikuwa akitengeneza kwa mkono riboni za rangi ya pichi na kuzigawa pamoja na kadi iliyolalamika kwamba katika bajeti ya dola bilioni 1.8 ya taasisi ya taifa ya saratani, asilimia 5 tu ndiyo iliyokwenda kwenye kinga. Mwaka 1992 wahariri wa gazeti moja na kampuni moja ya vipodozi walimwomba washirikiane naye. Alikataa, akiona jambo lake litageuzwa biashara. Wao wakabadilisha rangi kuwa ya waridi na kuendelea. Riboni ya waridi ilifaulu kwa sababu haina uso wala kovu, na haimdai mtazamaji chochote ila aivae. Kadi ya Haley, iliyokuwa na msemaji na hoja, haikuifuata.

Jaribio la mwisho la kipindi hiki lilifanyika San Francisco mwaka 2000. Shirika la Breast Cancer Fund lilibandika katika vituo vya basi mabango yaliyoiga matangazo mashuhuri ya nguo za ndani, manukato na majarida ya wanawake: wasichana wa mitindo, wenye mikao ile ile, lakini vifuani mwao mna makovu. Makovu hayo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya Andrea Martin, mwanzilishi wa shirika hilo, yaliyopigwa picha na kuhamishiwa kwa kompyuta juu ya miili ya wanamitindo wasiougua.

Kwa mantiki ya bango, huu ni ubunifu hodari. Tashtiti inaeleweka kwa sekunde mbili, na shabaha yake, jamii inayoyashabikia matiti huku ikiusahau ugonjwa wake, ni ya haki. Martin aliutoa mwili wake kwa hiari, hivyo hapana aliyeibiwa. Lakini kwa mantiki ya picha ya nafsi, kitu kimegeuka juu chini. Kwa Metzger kovu lilitiwa tawi na kuwa la mtu mmoja tu. Kwa Spence liliandikwa jina. Kwa Matuschka lilikuwa na mwenyewe hata kama uso umegeuka. Hapa kovu limetengwa na uso, likahamishwa kama muhuri, likawekwa juu ya ujana na urembo usiokuwa wake. Kilichosalia cha nafsi ya kwanza ni ngozi yake. Maneno yote ni ya kuigiza, yameazimwa kutoka kwa wauza manukato. Mpita njia aliyekasirika hakujua kwamba mbele yake pana mtu halisi ambaye angeweza kumjibu.

Malalamiko yalikuja upesi, na mabango yakaondolewa vituoni. Andrea Martin alifariki mwaka 2003. Mwaka huo huo picha ya Matuschka iliingizwa na wahariri wa Life katika kitabu cha picha 100 walizoziona kuwa zimeibadilisha dunia.